Kidole Kilichochagua Pikapu

Asubuhi za mwezi wa sita kwetu Izia, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, zilinuka magunzi yanayoungua na oili iliyoanza kupata moto. Baridi ya uwanda wetu wa Ufipa ikishuka sawasawa, hata ng'ombe hawataki kutoka zizini, na watoto wa nyumba yetu walikuwa wakigombania nafasi karibu na jiko. Mimi sikugombania. Nilikuwa na moto wangu nje, chini ya pikapu ya kijani, pamoja na baba mdogo Athumani. Alifika kabla jua halijagusa mabati, amevaa koti zito na baragashia, akachota magunzi ya mahindi kwenye rundo letu, akayawasha ndani ya karai kuukuu, kisha akalisukuma karai taratibu chini ya tumbo la injini. Pikapu ile ilikuwa ya dizeli, na dizeli ya zamani haipendi baridi. "Huyu ni mzee, fundi," aliniambia huku akipuliza moto. "Mzee haamshwi kwa kelele. Unampasha kwanza, halafu unamwamkia." Tukishaipasha alipanda, akawasha, nayo ikakohoa mara mbili, ikatoa moshi mweusi, ikaanza kunguruma kwa sauti nzito isiyo na haraka. Mimi nikasema, "Shikamoo," na Athumani akaitikia kwa niaba ya injini, "Marahaba." Nilikuwa na miaka tisa. Fundi aliyekuwa akiitwa hapo ni mimi, Sabina, mtoto wa mkulima wa mahindi na ulezi, na sijawahi kupewa jina nililolipenda kama hilo.

Athumani hakuwa ndugu yetu wa damu. Alitoka katika ukoo wa Waislamu wenye maduka mjini, naye alikuwa akiuza vipuri vya magari. Baba alikuwa Mkatoliki wa jembe na ng'ombe. Walijuana masika moja lori la Athumani lilipozama kwenye tope njia ya kwenda kijiji cha Kate, na maksai wa baba wakalitoa. Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete. Idi tulikula pilau kwao, Krismasi wao walikula wali wetu kwa kuku ambao Athumani alikuja kuwachinja mwenyewe ili pasiwe na mtu wa kusitasita mezani. Akimaliza kuchinja alinitafuta mimi. Alinifundisha kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, nikasikia vyuma vikifanya kazi ndani, na akaniuliza kipi kimelegea. Nilipopatia alicheka hadi baragashia ikamwenda kombo. Nilipokosea hakunicheka. Baba alikuwa akitutazama na kusema, "Mtoto wangu atanuka grisi huyu, nani atamwoa?" lakini alisema kwa fahari, nami nililala usingizi mzuri kwa sababu ya maneno hayo.

Mwaka ninaousimulia wawili hao waliamua kununua gari la ushirika. Lilikuwa livute tela hadi Kasanga, bandarini kule Ziwa Tanganyika, likiwa na mahindi na ulezi wa kupakiwa kwenye boti za Zambia na Kongo, kisha lirudi na dagaa na migebuka mikavu. Kushuka kutoka uwanda wetu hadi ziwani ni jambo moja, na kupanda ukiwa na tela lililojaa ni jambo lingine kabisa. Njia ilikuwa ya vumbi na mawe, kona juu ya kona. Mfanyabiashara mmoja wa Kate aliyekuwa anahama mkoa alikuwa na pikapu mbili za kuuza, akaziacha uani kwetu kwa wiki moja ili wachague. Ya kijani, ya dizeli, mnaijua tayari. Nyingine ilikuwa nyeupe, ya petroli, silinda sita, na iliwaka kwa kugusa ufunguo tu, hata asubuhi ya barafu kwenye majani. Baba aliipenda nyeupe siku ile ile. "Hii ina roho," alisema. "Ile ya kijani inavuta kama imeombwa."

Athumani hakuwa mtu wa kubishana kwa sauti. Alieleza polepole, na nadhani huo upole ndio uliomuudhi baba. Alisema petroli inataka upige resi sana ndipo ipate nguvu ya kuvuta, na ukipiga resi mlimani na mzigo nyuma, inachemka. Kule ziwani joto ni kali, na petroli huweza kuchemka ndani ya bomba lake kabla haijafika kwenye kabureta, gari likazima katikati ya kona. "Dizeli inavuta kuanzia chini, Baba Sabina. Mlimani hatuendi kushindana mbio." Baba akajibu, "Unasema kama vile mimi sijawahi kupandisha mzigo." Athumani akasema, "Umepandisha. Kwa ng'ombe." Hakuwa na nia mbaya, ninaapa. Lakini majirani wawili walikuwepo, wakacheka, na baba naye akacheka pamoja nao kwa sekunde nyingi kuliko ilivyohitajika. Wiki ikaanza kuisha bila uamuzi. Ndipo baba aliposema, "Basi tufanye kama wazee wetu. Achague mtoto."

Lazima nieleze desturi hiyo, maana sijaiona ikifanywa tena. Katika ukoo wetu maksai wa kukokota hakununuliwa kwa maneno ya wakubwa peke yao. Mtoto asiyezidi miaka kumi alipewa kamba, akatembea mbele ya kila ng'ombe kupandisha kilima, bila fimbo na bila kugeuka nyuma. Baadaye mkubwa wa nyumba alimwuliza mara tatu, "Yupi?" Baada ya swali la tatu mtoto alinyoosha kidole, na kidole kikishanyooshwa hakuna mtu mzima aliyeruhusiwa kubisha. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na msemo wake: kidole cha mtoto hakina rafiki. Alimaanisha kwamba mtoto hana mtu wa kumfurahisha, anasema tu alichokisikia mgongoni mwake wakati wa kupanda. Nilikuwa nimeshachagua maksai wawili kwa njia hiyo, na wote walitokea kuwa wazuri, hata jirani yetu mmoja akaja kuniazima kama watu wanavyoazima kinu. Athumani alicheka aliposikia. "Gari si ng'ombe, jamani." Kisha akanitazama, akatikisa kichwa. "Lakini sikio la huyu nalijua. Nakubali."

Tulifanya jaribio Jumamosi, kwenye kilima cha nyuma ya mashamba. Tela lilipakiwa magunia ya mahindi, kamba ikafungwa kwenye bampa, mimi nikashika ncha yake. Athumani aliendesha magari yote mawili ili pasiwe na lawama, na baba akasimama juu na bibi. Nusu ya Izia ilikuja kutazama mtoto anayeongoza gari kwa kamba. Tulianza na nyeupe. Nyuma yangu niliisikia ikivuma, ikipunguza, ikitaka kuzima, ikipigwa resi tena, na klachi ikaanza kunuka kama nywele zilizoungua. Mara ilinisukuma, mara kamba ilinivuta mkono nyuma. Nilifika juu nikikimbia. Kisha ikaja ya kijani. Ilinifuata mguu kwa mguu, sauti ile ile ya asubuhi, na kamba ikalegea mkononi mwangu njia nzima. Mahali penye mawe nilipunguza mwendo nayo ikapunguza. Nilifika mahali nikasahau kabisa kwamba nyuma yangu kuna gari na magunia, nikawa natazama nyasi. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya ng'ombe mzuri: unamsahau. Desturi yetu ilikuwa na akili zake, na siku ile ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Niliporudi nyumbani jibu lilikuwa limekaa mdomoni kama pipi, nikisubiri tu Jumapili baada ya misa niulizwe.

Jumapili alfajiri baba aliniita zizini. Alikuwa anakamua, na mvuke wa maziwa ulipanda usoni mwake. Akaniuliza bila kugeuka nimesikia nini jana. Nikamwambia kwa furaha kwamba ile ya kijani inatembea kama Simba, maksai wetu mkubwa, na kwamba nyeupe ilinisukuma. Akahamia chuchu nyingine. Kisha akasema, "Leo utaonyesha nyeupe." Nilidhani sijasikia vizuri. Nikasema bibi alishanionya kwamba mtoto hapaswi kuambiwa. "Bibi hanunui gari," alisema. "Mimi ndiye baba yako." Halafu sauti ikalainika, na huo ulaini ndio ninaoukumbuka kuliko yote. "Athumani ananiona mshamba, Sabina. Uliwasikia watu wakicheka. Unataka baba yako achekwe?" Nikasema hapana. Akachota povu la maziwa kwa kifuniko, akaninywesha kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nilipoanza shule. "Hii ni siri ya mimi na wewe tu," alisema. Ningependa kuandika kwamba nililia. Sikulia. Nilifurahi. Baba yangu alikuwa na siri moja duniani, na alikuwa ameiweka kwangu, nikaenda nayo kanisani nikiwa nimevimba kichwa.

Mchana ule pikapu zote mbili zilisimama uani, pua zikitazama mlango wa bibi. Bibi alitoka na kitenge chake cha misa, akaniweka katikati, akaniambia nifumbe macho, nifumbue. Akauliza, "Yupi?" Nikanyamaza, kama inavyotakiwa. Akauliza tena, nikanyamaza. Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama angani kama mtu anayekagua mvua mwezi wa sita. Bibi akafungua mdomo kwa swali la tatu, na kabla neno halijatoka lote, kidole changu kilikuwa kimeshanyooka kwenye nyeupe. Watu wakapiga makofi. Bibi akanikunjia uso kidogo, labda kwa haraka yangu. Athumani alibaki ameniangalia, na kwa mara ya kwanza nikashindwa kumwangalia machoni. "Sawa," alisema mwishowe. "Mimi ni mgeni katika mila hii. Kidole kimesema." Ya kijani ilirudi Kate jioni ile, na nilikaa uani hadi sauti yake ilipopotea.

Kilichofuata kilipaswa kuwa wiki nzuri kuliko zote za utoto wangu. Athumani hakununa. Alileta vipuri vyake, akavua koti, akaanza kuisaidia nyeupe iweze kazi ambayo haikuumbiwa. Aliongeza majani mawili ya springi kila upande wa nyuma. Alibadilisha meno ya difu, gia za ekseli ya nyuma, ili mwendo upungue na nguvu iongezeke. Alifunga rejeta kubwa iliyotoka kwenye lori, na mchomeleaji wa mjini akaunga kulabu ya kuvutia tela kwa chuma kinene kuliko mkono wangu. Bomba la petroli alilihamisha mbali na ekzosi, akalizungushia kamba ya katani ambayo ingelowanishwa kila kituo. Mimi nilimshikia spana, nikamtajia namba kabla hajaomba. "Umechagua, fundi," aliniambia akiwa amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana. "Sasa tuisaidie isituaibishe." Kila alipotamka neno umechagua nilijifanya natafuta spana. Zaidi ya mara moja nilifungua mdomo nimwambie miguu ile miwili, kwa kuwa uso haukuwepo. Lakini siri ilikuwa ya baba, na nilikuwa bado naihesabu kuwa zawadi.

Safari za kwanza zilikwenda vizuri, kwa sababu ya baridi, na baba akawa hashikiki. Alipita mjini na tela akipiga honi kwa watu asiowajua. Joto lilianza mwezi wa tisa. Nilikuwa likizo fupi, nikaomba kwenda kuliona ziwa, wakanikalisha katikati yao. Tulirudi kutoka Kasanga saa sita mchana, tela limejaa dagaa, vioo wazi, na hewa inayoingia ilikuwa ya moto tu. Tulipoanza kupanda, mimi ndiye niliyesikia kwanza. Sauti ilikuwa ikikatika na kurudi, kama mtu anayemeza mate. "Baba mdogo, inakata," nilisema. Athumani akainamisha sikio, akasema, "Simama hapa pana usawa, tuipoze." Baba akasema, "Kona hii moja tu." Athumani akarudia, akamwita kwa jina lake la ubatizo, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Baba akakanyaga mafuta. Katikati ya kona injini ikazima, na pamoja nayo nguvu ya breki. Baba alisimama juu ya pedali kwa miguu miwili lakini gari likaanza kurudi nyuma, tela likilivuta kuelekea bondeni. Athumani alikuwa ameshafungua mlango. Aliruka na gogo alilokuwa ameliweka miguuni mwake kwa ajili ya siku kama hiyo, akalisukumiza nyuma ya gurudumu la tela. Gurudumu likagoma, tela likajikunja ubavuni, likatulia. Sisi tukasimama. Yeye mguu wake ulibaki kati ya tela na ukingo wa mlima. Sitaandika sauti niliyoisikia. Nitasema tu kwamba ni sikio lile lile alilolifundisha yeye, na halijaisahau.

Mguu ulivunjika mahali pawili na ulipopona ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Alipotoka hospitalini na plasta, kaka zake waliita kikao barazani kwao, mchana, pakiwa na kahawa na kashata. Hawakuja kugombana. Walitaka kuelewa, alisema kaka mkubwa, imekuwaje mtu anayeuza vipuri tangu ujana akapandisha mlima wa Kasanga kwa gari la petroli. Bibi na mimi tulikaa mkekani karibu na mlango. Nilimtazama baba nikijua kwamba sasa atasema. Niliamini hivyo kama ninavyoamini kwamba kesho kuna asubuhi. Baba akasafisha koo. "Kaka zangu, hapa hakuna aliyechagua kwa hila," alisema. "Sisi tulishindwa kukubaliana, tukafuata mila. Alichagua mtoto." Akanigeukia mbele ya baraza zima. "Si ndiyo, Sabina?" Macho yake hayakuwa makali. Yalikuwa yakiniomba, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikasema, "Ndiyo, baba." Kuhusu kona, kuhusu simama hapa pana usawa, hakusema chochote, na hakuna aliyemwuliza. Nikamtazama Athumani, nikingoja aseme kwamba mimi ndiye niliyewaonya kwanza. Alikuwa anatazama plasta yake. "Mtoto ni mtoto," alisema. "Yaishe." Wakapeana mikono, wote wawili wakafuta machozi, kahawa ikamiminwa tena. Mimi nikaachiwa hatia yote, nikatoka nayo pale nikiwa nimeshika kitenge cha bibi.

Wiki ile ile baba aliniletea sweta jekundu kutoka mjini, zuri, la vifungo. Nililivaa kwa sababu baridi ya asubuhi ya Ufipa haijui hasira za mtu, lakini nililichukia kila uzi. Shuleni waliniita Petroli. Nikipita, mtu anaigiza injini inayozima, darasa linacheka. Wamama wawili wa jirani walikuwa na lao: kidole cha mtoto yule kina mkosi, msimwambie hata achague kuku. Watu wazima walirudia methali yao kwa kujipongeza, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, bila kuona kwamba guu lililovunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe, yule aliyesema kweli tangu mwanzo. Bibi hakuniuliza kitu, lakini hakuniita tena kushika kamba. Athumani alikuja tena Krismasi, akachinja kuku akiwa amekaa kwenye kigoda. Nilimletea maji ya kunawa. "Ahsante, binti," alisema. Binti! Nilisimama na birika mkononi nikisubiri neno lingine, halikuja. Halikuja mwaka ule wala mwaka uliofuata. Urafiki wake na baba ulinenepa kuliko zamani, na mimi nilijifunza kupita nyuma ya nyumba walipokuwa wamekaa.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita, na Athumani ndiye aliyemlilia kuliko ndugu wote. Baada ya mazishi, watu walipopungua, nilimkuta amekaa peke yake uani, mahali zilipowahi kusimama pikapu mbili. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia yote: zizi, povu la maziwa, siri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilijua." Nikamwuliza alijua lini. "Siku ile ile. Ulionyesha kabla bibi yako hajamaliza kuuliza. Na hukutazama gari, ulimtazama baba yako. Mtu aliyesikia anatazama gari." Nikamwuliza kwa nini alikubali basi, na kwa nini pale barazani hakusema. Alisugua goti la mguu mfupi muda mrefu. "Ningesema, ningempoteza baba yako. Sikuwa na rafiki mwingine kama yeye. Wewe ulikuwa mtoto, Sabina. Nilidhani watoto husahau." Tunaambiwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Mafahali wangu hawakupigana. Walipatana, wakapatana juu ya mgongo wangu, mmoja akijua amesema uongo na mwingine akijua ni uongo, wakanywa kahawa miaka thelathini. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba mzee yule msamaha. Niliondoka bila kuuomba, na bila kumpa wa kwake.

Siku hizi njia ya Kasanga ni lami. Malori marefu yanapanda mchana kutwa, na vijana wa mjini wanachagua magari kwenye simu, wanasikiliza injini kwa video, wanabishana petroli na dizeli hadi chai inapoa. Hakuna anayemwita mtoto ashike kamba, na sisemi ni vibaya. Mimi nanunua mahindi vijijini na kuyateremsha ziwani. Mwaka jana nilihitaji pikapu ya kuvuta tela, zikaletwa mbili uani kwangu, hapa hapa Izia. Nilifunga kamba kwenye bampa, nikampa dereva ufunguo, nikatembea mbele ya kila moja kupandisha kilima, mwanamke mzima na viatu vya mpira, na majirani wakatoka kucheka. Binti yangu Neema, ana miaka tisa, aliruka ruka pembeni. "Mama, mimi naitaka nyeupe! Nichague mimi?" Nikamwambia anaweza kusema anachopenda, lakini atakayenyoosha kidole ni mimi, ili ikituzimikia mlimani ajulikane aliyechagua. Nilichukua ya dizeli.

Kesho yake asubuhi palikuwa na baridi. Pikapu za sasa hazihitaji magunzi, zinajipasha zenyewe. Nilikuwa nimeinua boneti, nasikiliza, nilipoona mzee anakuja taratibu na mkongojo, baragashia kichwani. Athumani alisimama hatua chache nyuma yangu, akainamisha sikio kwa namna ile ile. Akasikiliza kitambo. "Umechagua vizuri, fundi," alisema.

Neno hilo nililingoja nikiwa na birika la maji mkononi, nikalingoja darasa la nne, la tano, la sita, nikalingoja hata siku ya harusi yangu. Sasa lilikuwa limefika, na sikupata mahali pa kuliweka. Nilimpa shikamoo yake, kwa sababu ni mzee, naye akaitikia. Lakini jina lile sikuliitika. Aligeuka akaenda zake, mguu mmoja ukichora mstari kwenye vumbi.

Neema alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. "Mama," aliuliza, "fundi ni nani?"

Nikafunga boneti. Nikamwambia ni mtoto mmoja aliyekuwa akikaa hapa zamani, alikuwa anajua sana magari.